Kukimbizana bwawani bila mdogo kushikwa kila mara

Mkuu, umesema wanao ni wanne, mkubwa ana miaka 11 na mdogo 6, na kila mkicheza kukimbizana bwawani yule mdogo anaishia kulia maana yeye ndiye anayeshikwa. Kwangu ilikuwa hivyohivyo.

Usidhani mtoto ni legelege. Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa, na anayetembea huku yamemfika kifuani hana namna ya kumkwepa anayeogelea. Mkubwa akijisukuma ukutani kwa miguu, anafika kabla mdogo hajamaliza hata kugeuka. Mkicheza kwa sheria za nchi kavu atashikwa mpaka basi.

Mchezo uliotusaidia ni wa kuganda. Ukiguswa unasimama palepale, miguu umeipanua, na hufunguliwi mpaka mwenzako apige mbizi apite katikati ya miguu yako. Hapo mdogo ndiye mwenye faida, kwa sababu wakubwa wanakwama mabega. Wangu anaziba pua kwa vidole, anajaza mashavu hewa, anatumbukia, kisha unaona nyayo tu zikirusha maji. Siku hizi wenzake wakishaganda wanamwita yeye, na anachagua nani aanze kufunguliwa kadiri walivyomtendea asubuhi. Wako akiwa bado anaogopa kuzamisha kichwa, aruhusiwe kumzunguka aliyeganda na kumgusa mgongoni.

Marco Polo nayo inasawazisha mambo: mkimbizaji anafumba macho na kuita "Marco!", wengine ni lazima wajibu "Polo!", naye anafuata sauti. Mwambie aweke masikio juu ya maji. Ndani ya maji sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, hivyo inayafikia masikio yote mawili karibu kwa pamoja na mtu hajui imetoka upande gani. Ila aliyefumba macho anaweza kugonga ukuta, kwa hiyo mtu mzima asimame karibu amwambie "ukuta!" mapema.

Mimi nikikimbiza naruhusiwa kutembea tu. Nikinyanyua miguu yote miwili kutoka sakafuni napigiwa kelele, na marefa wenyewe hawana huruma.

Sheria nyingine huwa sibembelezi. Tunaguswa begani au mgongoni, basi. Hakuna kukandamiza kichwa, kuvuta mguu wala kupanda mtu mabegani. Tunachezea maji mafupi, yasiyopita kifua cha aliye mfupi kuliko wote, wakubwa wanune wakitaka. Anayetoka bwawani kukwepa kushikwa ndiye anayekimbiza, na hiyo imemaliza mbio za kwenye vigae vyenye maji kuliko makaripio yangu yote. Kuigiza kuzama ni marufuku, hata kwa mzaha.

Na mtu mzima mmoja asicheze kabisa. Kazi yake kuangalia, simu iwe mbali. Anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, na kwenye makelele ya mchezo hakuna atakayegundua kwa kusikia. Maboya ya mikononi usiyategemee, yanachomoka.

Jambo moja wengi hawalijui: watoto wakubwa hupenda kujificha chini ya maji wasishikwe, na kabla ya kuzama wanahema harakaharaka wakidhani wanajaza hewa ya akiba. Kumbe wanapunguza hewa ya ukaa mwilini, na hiyo ndiyo inayomfanya mtu ajisikie anahitaji kuvuta pumzi. Ikipungua mno, oksijeni inamwishia kabla hajasikia dalili yoyote, anazimia hukohuko chini. Waogeleaji hodari pia yamewakuta. Kwetu hakuna kujificha chini wala kushindana kubana pumzi.

Halafu mchunguze mdogo midomo. Yeye hupoa kabla ya wengine, na huenda baadhi ya vile vilio ni baridi. Akianza kutetemeka mtoe, mfunge taulo, mpe urefa wa kukaa pembeni.

Mkubwa akigoma kucheza na wadogo, mwambie akimbize huku ameinua mpira juu kwa mkono mmoja usiguse maji. Wangu alikubali pale tu dada yake aliposema hawezi.