Je, asiyejua kuchora anaweza kuongoza filamu za katuni?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Morogoro. Nimekwisha kujaza madaftari matatu kwa hadithi ambazo ningependa siku moja zionyeshwe kama katuni katika televisheni ya watoto. Tatizo ni kwamba sina kipaji cha kuchora: nikichora mbuzi, wadogo zangu huuliza kama ni kiti. Mwalimu wangu amenishauri niachane na jambo hili, kwa kuwa mwongozaji wa katuni ni lazima awe mchoraji hodari. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu wako hakusema bila msingi, kwa sababu waongozaji wengi wa fani hii walianzia kwenye penseli. Lakini mmoja wa wakubwa wao hakuwa mchoraji. Isao Takahata wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufariki Aprili 2018, alisomea fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, na alipohitimu mwaka 1959 aliingia studio ya Toei kama mwongozaji msaidizi, akiwa amevutiwa na katuni ya Mfaransa Paul Grimault aliyoiona alipokuwa mwanafunzi.

Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Filamu yake ndefu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1968, ilipitiliza muda na bajeti, haikuleta mapato, na studio haikumkabidhi nyingine. Aliondoka mwaka 1971, na jina lake likajengwa na televisheni ya watoto, hasa kipindi cha mwaka 1974 kuhusu Heidi, msichana mdogo anayepelekwa kuishi na babu yake milimani, chenye sehemu 52 zilizorushwa moja kila wiki. Kabla ya kazi kuanza, alisafiri na wenzake hadi Uswisi kuiona kwa macho milima ambako hadithi inatokea. Yoichi Kotabe alibuni sura za wahusika, na Hayao Miyazaki alichora mpangilio wa kila tukio. Mbuzi wa Heidi ni wengi, na hakuna aliyemdai Takahata awachore yeye mwenyewe.

Basi yeye alifanya nini? Tazama sehemu ya kwanza. Heidi anapanda mlima kwenda kwa babu yake akiwa amevalishwa nguo zake zote, moja juu ya nyingine. Joto linamzidi, anaanza kuzivua moja moja, mpaka anabaki mwepesi na kukimbia pamoja na mbuzi. Aliyeamua kwamba jambo dogo kama hilo lipewe muda wake, bila kuharakishwa wala kusindikizwa na maneno mengi, ni mwongozaji. Baadaye babu anaiweka jibini karibu na moto, inayeyuka, anaipaka juu ya mkate, na mtazamaji anameza mate.

Maamuzi ya namna hiyo ni maamuzi ya fedha pia. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Katika televisheni, ambako muda na fedha ni haba, mchoro mmoja mara nyingi hurudiwa kwa picha tatu, hivyo sekunde huhitaji michoro 8, na pale mhusika anaposimama kimya michoro hupungua zaidi. Mwongozaji ndiye anayejua wapi pa kubana na wapi pa kumwaga jasho la wachoraji, na kwa maoni yangu hapo ndipo hutofautiana na mwandishi wa hadithi tu.

Usidhani pia kwamba kazi ya watoto ni ngazi ya kupandia kisha ukaipiga teke. Takahata, aliyenusurika mabomu katika mji wa Okayama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1945, akiwa na miaka 9, alitengeneza mwaka 1988 filamu ya majonzi kuhusu ndugu wawili katika vita hivyo, na utulivu ulioonekana katika Heidi umo humo. Filamu yake ya mwisho, Kaguya ya mwaka 2013, ilichukua takribani miaka minane na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwendo huo wa kobe sikushauri uuige, labda umpate mfadhili mwenye subira ya Ayubu.

Karibu na kwako, shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likitengeneza katuni za kufundisha watoto tangu 2014, na kazi hiyo huhitaji waandishi na watia sauti, si wachoraji peke yao. Kwa sasa chagua hadithi moja katika madaftari yako, ifupishe iwe ya dakika mbili, kisha igawe katika visanduku vidogo kama ukurasa wa vibonzo, na chini ya kila kimoja uandike sekunde zake na sauti itakayosikika. Mwanafunzi mwenzako anayejua kuchora akikichukua kisanduku hicho na kuelewa mbuzi anatazama upande gani na kwa muda gani, mmeanza kazi, hata kama mbuzi wako bado anafanana na kiti.