"Pap" ni kifupi cha jina la mtu

Umeuliza kama "Pap" kwenye kipimo cha Pap smia, kile cha kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi, ni kifupi cha maneno ya kitabibu. Hapana ndugu, ni jina la mtu: George Papanicolaou, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Kymi.

Alihamia Marekani mwaka 1913 na mkewe Andromache, aliyeitwa pia Mary. Maisha yalianza kwa kubangaiza: daktari mzima akauza mazulia dukani New York, mke akishona vifungo. Baadaye akapata kazi Chuo Kikuu cha Cornell, akawa anatazama ute wa uke wa simbilisi kwa hadubini ili kujua siku za kupevuka mayai. Ndipo akahamia kwa binadamu, na wa kwanza kupimwa alikuwa mkewe! Mama huyo alitolewa sampuli kwa miaka mingi, na maabarani alifanya kazi kama fundi. Kwangu mimi, nusu ya jina la kipimo ni lake.

Mwaka 1928 Papanicolaou alieleza kwamba seli za saratani ya mlango wa kizazi zinaonekana kwenye ute huo. Wenzake hawakujali; kwa nini uhangaike na ute wakati unaweza kukata kinyama ukapime? Alikubalika baada ya kuchapisha matokeo pamoja na Herbert Traut, daktari wa magonjwa ya wanawake, mwaka 1941 na 1943.

Ila tusimsahau daktari Mromania Aurel Babeș, aliyeeleza mbinu inayofanana mwaka 1927.