Baba Mzambia, mama Mzaramo: Taifa Stars ikikutana na Chipolopolo ya Zambia unasimama wapi?

Mkuu, swali lako limenigusa, acha nijibu kwa kirefu. Umesema baba yako ni Mjaluo wa Kisumu, mama ni wa hapa hapa, umezaliwa Tandika, na uliposhangilia bao la Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kwenye kibanda umiza jamaa mmoja akakuita msaliti mbele za watu. Unauliza kama ulikosea.

Mimi baba yangu ni Mbemba wa Kasama. Alikuja Dar miaka ya sabini kufanya kazi karakana ya reli ya TAZARA, akamuoa mama, Mzaramo wa Kisarawe, na kwao akawa anaenda likizo tu. Tumekulia Yombo Vituka. Nyumbani ni Kiswahili mwanzo mwisho, lakini mpira ukikolea mzee anahamia Kibemba bila mwenyewe kujua.

Hadithi aliyotusimulia kuliko zote ni ya Agosti 1979. Stars yetu ya Tanzania iliifunga Zambia hapa Dar 1-0, ikaenda Ndola ikihitaji sare tu iende AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 1980 kule Nigeria. Zambia wakatangulia kufunga, Peter Tino wa Stars akasawazisha. Mzee alikuwa anasikiliza redio na wenzake kwenye nyumba za wafanyakazi. Tino alipofunga wakambeba yeye juujuu, Mzambia peke yake pale, wakamzungusha huku wanaimba. Anasema alikuwa na hasira mpaka machozi yanamlenga, lakini hakuna aliyemwambia rudi kwenu. Usiku huohuo walikula naye ugali sinia moja.

Aprili 1993 nilikuwa darasa la tatu. Ndege ya jeshi iliyokuwa inapeleka timu ya Zambia Senegal, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwemo walikufa. Mzee alirudi kutoka kazini akakaa ukingoni mwa kitanda na buti zake za karakana miguuni, mama akachuchumaa akawa anamfungua kamba. Sijamwona hivyo tena. Kwa hiyo mwaka 2012 fainali ya AFCON ilipochezwa Libreville hiyohiyo, Zambia na Ivory Coast, kibanda kizima kilikuwa na Drogba wa Ivory Coast kwa sababu ya klabu yake, Chelsea, na mimi na mzee tulikuwa peke yetu upande wa pili. Drogba akapaisha penalti ndani ya dakika 90. Zikaja za kupigiana, zikafika 8-7, Sunzu wa Zambia ndiye aliyemaliza kazi. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, na kwa hilo simwombi mtu radhi.

Lakini hayo yalikuwa mepesi, maana Stars haikuwepo. Swali kama lako lilianza kwangu Januari 21, 2024, AFCON kule San Pedro, Ivory Coast, Stars na Zambia zilipokutana zenyewe. Saa mbili usiku. Mzee kastaafu, magoti hayamruhusu kwenda kibandani, tukaangalia sebuleni. Nilikuwa nimeshaamua mapema na nikavaa jezi ya Stars. Nimezaliwa hapa, wanangu wanaimba wimbo wa hapa kila asubuhi shuleni, na Stars ikifungwa anayepanda daladala kesho yake kichwa chini ni mimi.

Dakika ya 11 Msuva akafunga. Nikaruka, halafu nikageuka kumwangalia mzee. Anatazama kikombe chake. Kabla ya mapumziko Kabwe akala kadi nyekundu, Zambia wakabaki kumi. Mkuu, elewa ilikuwaje: Stars haijawahi kushinda mechi hata moja AFCON, si 1980 wala 2019, na sasa tunaongoza na wenzetu ni pungufu. Nilikuwa siwezi kukaa. Dakika ya 88 ikapigwa kona, Patson Daka kichwa, 1-1. Mtaa mzima ukanyamaza, unasikia feni tu. Mzee hakupiga kelele. Niliona vidole vya mguu wake wa kulia vinakunja zulia, vinaachia, vinakunja tena. Nikamwambia, "Baba, shangilia tu." Akasema, "Usinihurumie, mwanangu. Mimi sikukuhurumia Msuva alipofunga." Hapo ndipo akapiga kofi moja kubwa na kutamka kitu kwa Kibemba, mama akatoka jikoni kuuliza nani kafunga.

Hukukosea kushangilia. Ninachokikataa ni kile ambacho sisi wa damu mbili tunakikimbilia tukibanwa, "yeyote ashinde, kwangu sawa." Hapana, si sawa. Ukisema hivyo unamdanganya baba yako na unawadanganya wa mtaani kwako. Siku zikikutana chagua moja, vaa jezi yake, na ikifungwa kaa hapohapo utaniwe. Ukichagua Kenya kwa ajili ya mzee wako nitakutania bila huruma, kama mlivyotutania nyie wa Kenya baada ya AFCON ya Cairo 2019, tulipoongoza mara mbili halafu Olunga na Wakenya wenzake wakatumaliza 3-2. Msaliti sikuiti.

Na huyo jamaa wa kibandani mkumbushe Juni 2010, Brazil ilipokuja Uwanja wa Taifa. Nilikuwepo, mzunguko. Jezi za Brazil zilijaa kila upande, Robinho na Kaká wanafunga watu wanapiga makofi, tukalala 5-1. Jabir Aziz alipofunga la kwetu, kijana aliyekaa mbele yangu na jezi ya Kaká aliruka kuliko mimi. Hakuna aliyemwita msaliti, na sidhani kama ana hata shangazi Brazil. Leo mtu anashangilia nchi aliyozaliwa baba yake ndiyo inakuwa kosa? Au wale ambao Simba ikicheza kimataifa wanatafuta jezi ya timu ngeni, na Yanga ikicheza wa upande wa pili wanafanya vilevile. Hilo linaniuma kweli. Wewe ulisimama kwa sababu kuna unachokipenda. Wale wanakaa dakika 90 wakiomba jirani yao alie.

Mwaka 2027 AFCON inakuja huku, Tanzania, Kenya na Uganda. Zikikutana Stars na Harambee, usimwache mzee wako Tandika aangalie peke yake. Mlete Yombo. Wangu atakuwepo, na viti vipo vya kutosha.