Nimepunguza kilo 13 lakini tumbo limekataa kutoka

SWALI: Dada habari ya kazi. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, niko na miaka 36 na watoto wawili, kitinda mimba ana miaka minne. Tangu Januari nimetoka kilo 89 mpaka 76. Uso umekonda, matako nayo yameisha kabisa, lakini tumbo liko palepale. Juzi kwa matatu kijana amenipisha kiti ati mama kaa, na mimi sina mimba yoyote! Sili asubuhi, sili mchana, nakula jioni nikifunga kazi, usiku napiga sitapu 100 na mchana navaa ule mkanda wa kubana tumbo. Siku hizi hata mgongo wa chini unauma nikisimama kukata kitambaa. Nipunguze chakula zaidi ama?
Mama Wawili, Nyalenda

JIBU: Pole mama, na hongera, kilo 13 si mchezo. Chakula usipunguze tena hata kidogo, tafadhali.

Ulivyoandika matako yameisha ndio nikaona shida iko wapi. Mtu akikonda kwa njaa mwili hauchukui mafuta peke yake, unachukua na misuli, na misuli ya makalio ndio inasaidia kushikilia nyonga isiinamie mbele. Sasa ongeza hapo kushinda kwa cherehani kutwa nzima umekunja mapaja, ile misuli ya mbele ya nyonga inakaza, ukisimama inavuta nyonga mbele, mgongo wa chini unabonyea ndani na tumbo linasukumwa nje. Fikiria sufuria imejaa uji halafu uiinamishe kidogo, uji utaenda wapi? Kwa hivyo kitambi unachoona kwa kioo si mafuta yote, kingine ni vile unasimama, na maumivu ya mgongo yanaweza kuwa yanatoka hapohapo.

Jipime leo. Simama ukutani, visigino, makalio, mabega na kisogo viguse, halafu pitisha mkono nyuma ya kiuno. Kiganja kikipita kwa kubanwa kidogo uko sawa, ngumi nzima ikipita basi mgongo umepinda sana. Ukitoka hapo lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo na ubonyeze vidole juu ya kitovu. Vidole viwili ama zaidi vikizama katikati, misuli ya tumbo iliachana wakati wa mimba na haijarudiana, hii kitu wamama wengi wanabeba miaka mingi bila kuambiwa na mtu. Tumbo likichongoka katikati kama mgongo wa samaki ngege ukipiga sitapu, ziache kabisa. Hata kama halichongoki, sitapu hazichomi mafuta ya tumbo, mwili unatoa mafuta kila mahali kwa mpango wake na kwa wengi tumbo ndio la mwisho.

Badala yake lala chali, kunja magoti nyayo zikiwa chini, kaza makalio uinue kiuno, hesabu tano, shuka polepole, mara 12 kwa raundi tatu. Halafu piga goti moja juu ya leso iliyokunjwa, mguu mwingine mbele, kaza makalio ya upande wa goti lililo chini na usonge mbele kidogo mpaka usikie inavuta hapo juu ya paja, sekunde 30 kila upande. Fanya siku nne kwa wiki. Na kwa cherehani inuka kila nusu saa hata kama mteja amesimama hapo anangoja, tembea mpaka kwa jirani urudi. Jioni ukipata nafasi tembea mpaka Dunga, dakika 30 kwa mwendo wa haraka, siku tano zinatosha kufikisha zile dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza.

Chakula sasa. Asubuhi kula mayai mawili, ama maharagwe yaliyobaki jana, mchana omena na mboga ya osuga (managu) ama apoth (mrenda) na ugali kiasi cha ngumi yako. Protini ndio inarudisha hiyo misuli iliyopotea. Ukishinda njaa mpaka jioni utakula sahani mbili bila kujua, na chai yenye vijiko vinne vya sukari haikusaidii. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha.

Mkanda uvue. Unatoa jasho tu, mafuta hayaendi popote, na misuli inazoea kushikiliwa.

Tepu unayo kazini, basi uitumie vizuri, pima katikati ya mbavu ya chini na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, usivute tumbo. Kwa mwanamke juu ya sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu, ni onyo kwa moyo na kisukari. Pima mara moja kwa mwezi, mizani iache kidogo.

Lakini kama tumbo ni gumu ukilibonyeza, ama linakua huku mwili unakonda, ama hedhi imekuwa nzito sana, usingoje mazoezi, nenda hospitali wakupige skani, inaweza kuwa uvimbe wa kizazi. Na mgongo ukianza kutuma ganzi miguuni ama mkojo ukushinde kuzuia, enda siku hiyohiyo, usilale nayo. Niandikie baada ya wiki nane uniambie ngumi bado inapita ukutani ama imekwama.