Dada yako asitoe hizo 45,000 kwanza

Nimelisoma swali lako mara mbili. Dada yako ana saluni Umoja Innercore, hapa Nairobi, ghorofa ya kwanza, miezi minane sasa, na wanaoingia ni wale wale wa ploti na majirani zao. Kijana mmoja amemwambia alipe shilingi 45,000, amtengenezee tovuti na kumfanyia matangazo ya miezi mitatu. Unauliza kama azitoe. Mimi nasema asizitoe, angalau si sasa. Huyo kijana simjui na sitamwita tapeli. Ila kwa miaka sita nimekuwa nikisaidia maduka madogo ya Eastlands na ya mjini yaonekane kwenye simu za watu, na mara nyingi nimekuta pesa za matangazo zimemwagwa kwa biashara ambayo hata anayeitaka hawezi kuipata.

Mzee mmoja, fundi wa sofa pale Kariobangi Light Industries, aliniita akiwa ameshatumia pesa Facebook. Tangazo lilikuwa zuri na simu zilikuwa zinaingia. Shida ilianza mteja akishashuka matatu. Kwenye Google Maps kuna mtu alikuwa ameweka alama ya karakana yake ng'ambo ya Outer Ring Road. Basi mteja anapanda daraja la miguu, anavuka, anazunguka juani, halafu anapiga: "Mzee, uko wapi? Mimi niko hapa ramani imenileta." Mzee anaweka nyundo chini, anaanza kueleza: rudi, vuka tena, ukiona wanaochomelea milango ingia hiyo njia, uliza. Wengi hawakuuliza. Walipanda gari wakaenda zao. Tuliirudisha alama mahali pake, tukaweka picha nne: steji, kichochoro, mlango wake wa mabati ya bluu, na yeye mwenyewe akiwa kazini. Wiki chache baadaye watu walikuwa wanafika mlangoni na simu mkononi, bila kumpigia. Tangazo hatukuliongezea hata shilingi.

Hapa Nairobi tunaelekezana kwa steji, kwa kanisa, kwa duka la dawa lililo kwenye kona. Saluni ya ghorofani haina dirisha la kumvuta mpita njia, kwa hiyo picha za njia ndizo dirisha lake. Apige picha ya steji anayoshukia mteja, ya lango la jengo, ya ngazi, kisha ya mlango. Azipige asubuhi kukiwa na mwanga. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini mwanamke anayetaka kusukwa jioni akitoka kazini hatapanda ngazi za giza za jengo asilolijua.

Wasifu wa biashara kwenye Google, yaani ule ukurasa wa biashara unaotokea mtu akiitafuta Google au kwenye Google Maps, ni bure. Rudia hilo kwake mpaka alikariri, maana wako wanaouuza. Google wenyewe wanaeleza kwamba mtu akitafuta huduma ya karibu, wanaangalia mambo matatu: biashara inalingana kiasi gani na kinachotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha, na hiyo kwa dada yako ni habari njema. Hashindani na saluni za Westlands. Anashindana na zile za mitaa michache inayomzunguka, na nyingi kati ya hizo hazijajaza hata saa za kufungua. Achague aina ya biashara iliyo sahihi kabisa. Kama kazi yake kubwa ni kusuka, aseme ni ya kusuka, asiseme tu saluni. Huduma aziandike moja moja: rasta, matuta, kuosha na kukausha, nywele za watoto.

Jina liwe lile lile lililo kwenye bango. Hapa nilikosea mimi mwenyewe. Duka moja la vipuri Kirinyaga Road nililiongezea jina maneno ya bei nafuu na aina za magari, nikidhani litapanda juu. Kanuni za Google zinataka jina halisi la biashara, na wasifu ukasimamishwa. Wiki kadhaa mwenye duka hakuonekana kabisa, na ulikuwa msimu wake wa kuuza. Nilimrudishia malipo yake yote.

Ajiandae pia kwa uthibitisho. Siku hizi mara nyingi Google huomba video fupi isiyokatwa inayoonyesha barabara ya nje, bango, na wewe ukifungua mlango au ukitumia vifaa vya kazi. Kama hana bango lenye jina, amtafute mchoraji kwanza. Hiyo ndiyo pesa ningeitoa leo kabla ya nyingine yoyote.

Kuna jambo moja ambalo lisipofanywa sawa mengine yote ni bure. Akaunti ifunguliwe kwa baruapepe ya dada yako na nambari ya simu yake, yeye awe mmiliki. Anayemsaidia, awe huyo kijana au wewe, aongezwe kama msimamizi tu. Nilimsaidia mama mmoja mwenye dobi Donholm ambaye wasifu wake ulifunguliwa kwa baruapepe ya kijana aliyekuwa anamfanyia matangazo. Walipokosana kuhusu malipo, nambari ya simu kwenye wasifu ikabadilishwa. Mteja anatafuta dobi ya mama, anapiga, anapokea mtu mwingine. Miaka minne ya maoni mazuri ya wateja ilikuwa mikononi mwa mtu aliyemkasirikia. Tuliomba umiliki kupitia Google. Anayeishikilia akaunti hupewa siku tatu za kujibu, na akinyamaza unaweza kuendelea kuidai kwa kuthibitisha kwamba biashara ni yako. Mama alirudishiwa, lakini zile wiki za kungoja zilimgharimu usingizi na wateja. Mpaka leo hilo huniuma, kwa sababu lingezuiwa kwa dakika mbili tu siku ya kwanza.

Maoni na nyota: wengi huomba kwa ujumbe siku tatu baadaye, mteja akiwa ameshasahau. Mimi nimeona wakati mzuri ni ule wa kulipa. Mteja ameshajiona kwenye kioo, amefurahi, na simu iko mkononi akiandika nambari ya Lipa na M-Pesa. Dada yako amwambie pale pale, "Ukimaliza kulipa, mpenzi, naomba uniandikie neno moja kwenye Google, nakutumia kiungo sasa hivi." Asitoe punguzo la bei ili apewe nyota, kwani Google wamekataza hilo, na asiwaombe binamu kumi waandike usiku mmoja. Akipata lalamiko, alijibu kwa upole na kwa jambo lenyewe: samahani, siku ile tulikuchelewesha, njoo nikurekebishie. Anayesoma lalamiko husoma na jibu.

Picha za vichwa vilivyosukwa ndizo zitakazomletea watu zaidi ya chochote, WhatsApp na TikTok. Lakini aombe ruhusa kila mara, na iwe ya maandishi, hata ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha kuonyesha baadaye. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na haiwahusu mabenki peke yao. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alilitoza faini ya shilingi 1,850,000 eneo moja la burudani hapa Nairobi kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Watoto ndio kabisa, mzazi aulizwe. Na zile nambari za simu za waliomlipa asizikusanye na kuanza kuzitumia ujumbe wa matangazo. Mtu alilipia nywele, hakuomba kuandikiwa kila Ijumaa.

WhatsApp Business nayo ni bure na ina katalogi. Aweke picha, bei, na muda ambao kazi huchukua. Najua atasita kuweka bei. Karibu kila niliyemsaidia alisita, akiogopa jirani atamshushia. Jirani anaijua bei yako tayari, ameshamtuma mtu kuuliza. Asiyeijua ni yule mama mwenye shilingi 1,200 anayeona aibu kuuliza kisha kukataa, kwa hiyo hakuulizi kabisa.

Matangazo ya kulipia nayapenda, yakija kwa zamu yake. Akifika huko, achore duara dogo kuzunguka saluni, kilomita mbili au tatu. Mteja wangu wa kwanza nilimwachia eneo likiwa Kenya nzima, shilingi 300 kwa siku, na tukashinda tukijibu watu wa Mombasa na Kisumu waliotaka kujua bei ya kusukwa Buruburu. Tovuti kwa sasa hahitaji. Na kama huyo kijana alimaanisha ile tovuti ya bure iliyokuwa inatolewa na wasifu wa Google, mwambie Google waliifunga Machi 2024, hakuna cha kulipia hapo.

Kwa hiyo hesabu yangu ya mwezi wa kwanza ni bango, bando la intaneti, na asubuhi moja ya kupiga picha. Halafu amteue mtu wa kupokea simu yeye mikono ikiwa kwenye nywele za mtu, maana simu isiyopokelewa saa kumi na moja jioni ni mteja aliyehamia saluni inayofuata kwenye orodha.

Niandikie steji anayoshukia mteja wake inaitwaje, na ni mtindo upi anaousuka kuliko mingine. Nitakupa maneno ya kuweka kwenye maelezo yake, na kama yuko tayari, Jumamosi ijayo niko pande za Umoja, naweza kupita tupige hizo picha pamoja.