Maswali Yenu: Mmea Usio na AKT1 Mbona Haugeuki Manjano?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeotesha Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, iliyovunjwa jeni la AKT1, chaneli inayoingiza potasiamu mizizini. Kwenye sahani za MS (chakula cha kuoteshea mimea maabarani) imestawi sawa na ile ya asili. Je, nimeuziwa mbegu siyo? – Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro

JIBU: Mbegu huenda hazina kosa, kagua chakula. MS kamili ina gramu 1.9 za KNO3 na gramu 0.17 za KH2PO4 kwa lita, yaani takriban milimola 20 za potasiamu. Kwenye shibe hiyo potasiamu hupata njia nyingine za kuingia, na pengo la AKT1 halionekani.

Otesha kwenye MS siku 4, kisha hamishia miche kwenye sahani yenye mikromola 100 tu za potasiamu. KNO3 iondoe, KH2PO4 ibadilishe kwa NH4H2PO4, halafu ongeza KCl kwa kipimo. pH irekebishe kwa NaOH. Wengi huharibikiwa hapa: mkono umezoea KOH, na matone machache yanarudisha potasiamu uliyohangaika kuiondoa. Agari ya kugandishia sahani nayo ina potasiamu yake, kwa hiyo agarosi ni salama zaidi. Amoniamu usiiondoe, kwa sababu ndiyo inayomzuia HAK5, msafirishaji ambaye angeuokoa mmea wako. Panda mimea ya asili kwenye sahani hiyohiyo. Ndani ya siku 7 hadi 10 utaona majani ya manjano kwenye mimea isiyo na AKT1 tu.

Na usishangae kuona umanjano huohuo kwenye mmea wenye AKT1 nzima lakini usio na CIPK23, protini inayoiwasha. Chaneli kuwepo hakutoshi. Mzizi ukikosa potasiamu, kalsiamu hupanda ndani ya seli. Protini CBL1 na CBL9 huinasa, nazo huivuta CIPK23 hadi kwenye utando wa seli, iliko AKT1. CIPK23 ni kinasi: hubandika fosfeti kwenye AKT1, na lango hufanya kazi. Kimeng'enya AIP1 huibandua fosfeti hiyo. Ukivunja CBL1 peke yake hutaona kitu, kwani CBL9 hushika zamu. Zivunje zote mbili. Utaratibu huu wa CBL, CIPK23 na AKT1 ulielezwa mwaka 2006.

SWALI: Nimedunga RNA ya AKT1 (maelekezo ya kuitengeneza) kwenye mayai machanga ya chura Xenopus. Siku ya tatu mkondo wa umeme wa potasiamu ikipita chanelini ni sifuri. RNA imeoza?

JIBU: Inawezekana, lakini hata RNA nzima ya AKT1 ikiwa peke yake hukaa kimya humo, kwa sababu yai halina kinasi yake. Dunga RNA tatu pamoja: AKT1, CIPK23, na CBL1 au CBL9. Yai jingine lipe KAT1, chaneli ya potasiamu ya seli zinazofungua na kufunga vitundu vya jani, ambayo hupitisha mkondo bila msaada. KAT1 nayo ikinyamaza, basi shuku RNA, mayai au elektrodi. Usitumie KC1, ndugu wa chaneli hizi, kwa kipimo hicho: bila chaneli nyingine ya kuungana nayo hukwama ndani ya seli, haifiki kwenye utando.