Kabla ya kumwangusha mtu, panga miguu

Msimu wangu wa kwanza kufundisha raga hapa Dodoma nilikuwa na neno moja tu mdomoni: "Mpige!" Vijana walitii. Wakawa wanamrukia mwenye mpira kutoka mbali, mikono mbele, naye anapiga chenga moja, wao wanabaki na vumbi kwenye meno. Mmoja alishonwa kidevu. Lile lilikuwa kosa langu, si lake.

Aliyenifumbua macho ni kijana aliyekulia kwenye kuchunga mbuzi huko Chamwino. Mwembamba, mkimya, lakini ukimpita ujue umebahatisha. Nilipomuuliza siri yake alinishangaa. "Kocha, mbuzi harukiwi. Unamsogelea mpaka uwe miguuni pake, unamzibia upande mmoja, mwenyewe anaenda kwenye miiba."

Tangu hapo nafundisha hivyo. Kimbia kwa kasi umle nafasi, lakini zikibaki kama hatua tatu au nne, fupisha hatua ziwe ndogondogo, magoti yamekunjwa. Usisimame, maana ukikanyaga kwa visigino umeshapitwa. Tazama bukta yake. Uso, mikono na mpira vyote vitakudanganya. Halafu usimkabili katikati. Kaa nusu mwili upande wa ndani, kule mpira ulikotokea, abakiwe na njia moja tu ya kuelekea mstari wa pembeni. Ule mstari ndio miiba yetu.

Ukimfikia, bega la kulia linaenda na mguu wa kulia, na mguu huo utue karibu kabisa na viatu vyake. Wengi wanautua mbali, wanalazimika kujinyoosha, kichwa kinainama chini na shingo inabeba mzigo usio wake. Ukimkaba kutoka ubavuni, shavu lako liegemee takoni mwake. Hapa kila kundi jipya huangua kicheko. Nawaacha wacheke, kisha namwambia mmoja akimbie polepole, nawaonyesha goti lake linapopita: palepale ambapo kichwa kingekuwa kama kingekaa mbele. Kicheko huisha. Baada ya hapo kumbatia mapaja kwa nguvu na uendelee kusukuma kwa hatua fupi mpaka aanguke, halafu mwachie mara moja. Kumkaba juu ya mstari wa mabega, au kumgonga bila kumkumbatia, ni adhabu.

Kiangazi ardhi yetu huwa kama sakafu ya saruji, kwa hiyo mazoezi ya kuangushana tunayapeleka kwenye mchanga wa korongo kavu. Tunaanza na gunia la pumba, tena tukiwa tumepiga magoti, ndipo tunatembea, ndipo tunakimbia. Aliyegonga kichwa anatoka na harudi siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Kwa hilo sibishani na mtu.

Ila kazi ya miguu naiacha kwenye ardhi ngumu makusudi. Napanga chupa za maji kufanya njia ya upana wa hatua tano. Mwenye mpira anajaribu kupita, mkabaji anatakiwa amguse kiunoni kwa mikono yote miwili, hakuna kuangushana. Mimi nageuka, nawapa mgongo. Hatua ndefu zinasikika, pu, pu, kisha kimya, na kwenye kile kimya najua ameshapigwa chenga. Nikisikia mlio mfupi mfupi kama mvua ya kwanza kwenye bati, sihitaji hata kugeuka.